Pazia Ambalo Halijaisha

Ukuta wa sebule ulianza kuonyesha upande wa pili siku ya Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi, wakati Fundi akimlowekea mama yake mkate kwenye chai. Hapakuwa na kishindo wala mlio. Aliinua macho aangalie saa, na pale ambapo siku zote palikuwa na saa na ukuta wa rangi ya maziwa, palikuwa na saa peke yake, imening'inia kwenye msumari wake, na nyuma yake jirani yao Mwalimu, mstaafu wa miaka sabini na kitu, amevaa fulana ya ndani, anapekua droo moja baada ya nyingine.

Fundi alimsubiri amalize droo ya tatu, kisha akagonga ukuta kwa kidole. Ukuta bado ulikuwepo, mgumu na wa baridi kama jana yake. Ulikuwa umeacha kuficha tu.

"Shikamoo, Mwalimu. Kama unatafuta miwani, iko kichwani."

Mwalimu alijipapasa, akaikuta. "Marahaba, Fundi. Ahsante sana. Mama kaamkaje?"

"Kaamka salama. Anakunywa chai."

"Namwona," alisema Mwalimu, akaenda kutafuta shati.

Jengo lilikuwa na ghorofa nne na wapangaji kumi na sita. Miezi mitatu kabla ya Jumanne hiyo, kampuni yenye jengo ilileta vijana wenye ngazi, wakafunga kwenye dari ya kila chumba kifaa cheupe cha ukubwa wa kisosi, chenye taa ya kijani na kijicho katikati. Kilikuwa cha usalama. Kingeona moto, kingeona mwizi, kingeona maji yakivuja na mtu akianguka bafuni akiwa peke yake. Msimamizi wa jengo, ambaye wapangaji walimwita Taratibu kwa sababu hakuwa na neno lingine, alipita mlango kwa mlango na fomu ya kurasa ishirini na mbili. Sasa jamani, nani anasoma kurasa ishirini na mbili? Mtu ana sufuria jikoni, anaonyeshwa pa kutia sahihi, anatia. Asiyesaini hakupewa ufunguo wa geti jipya. Kwa hiyo wote walisaini, hata yule bwana wa ghorofa ya juu aliyeapa kwamba yeye hasaini ng'o. Alisaini siku ya mvua.

Mwalimu alisema kuta zimechoka. Alisema zimetazamwa kwa ndani mchana na usiku kwa miezi mitatu mfululizo, na hata yeye angetazamwa hivyo angekata tamaa. Hakuna aliyekuwa na maelezo bora kuliko hayo, na watu walikuwa wanachelewa kazini.

Taratibu alikuja Jumatano na fomu yake ya matengenezo. Aligonga ukuta wa Fundi, akaupapasa, akaunusa.

"Unavuja?"

"Hauvuji."

"Una ufa?"

"Hauna. Ila unaonyesha, Bwana Taratibu. Hebu tazama, yule si Mwalimu yule?"

Taratibu alimpungia Mwalimu mkono. Fomu ilikuwa na vijisanduku vya ufa, unyevu, mchwa na rangi kubanduka. Kulikuwa na kijisanduku cha "mengineyo", lakini kilikuwa kidogo, na Taratibu alikuwa na mwandiko mkubwa. Aliandika "ukuta upo", akaenda zake.

Kufikia Ijumaa zilikuwa zinaonyesha zote, kuta za vyumba, za jikoni, za bafu, na milango pia. Watu walizoea haraka, kama wanavyozoea bomba linalodondoka. Mama Pacha, jirani wa upande wa kushoto, alikuwa akigombana na mumewe kila jioni kwa sauti ambayo Fundi aliitegemea kujua kwamba saa moja imefika. Sasa waligombana kwa kuandikiana kwenye daftari la watoto, wameketi kochi moja, wanatabasamu. Mwalimu, ambaye kumbe miaka yote alikuwa akicheza muziki peke yake kila akitoka kuoga, aliacha. Jengo zima likawa na adabu, ile adabu ya watu wanaosubiri zamu yao kituo cha polisi. Mtu alirudi kutoka kazini na hakuwa na mahali pa kununa kwa raha zake. Kuoga, watu walioga na nguo, chapuchapu, wengine waliomba kuogea makazini mwao.

Fundi mwenyewe alioga na gauni la zamani na hakulalamika. Alikuwa na miaka hamsini na minne na mwili wake, alisema, haukuwa na habari mpya kwa mtu yeyote. Shida yake ilikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa na miaka themanini na moja. Alishona mapazia kwa miaka arobaini, na ndiye aliyemfundisha bintiye kazi hiyo kwa kumgonga vidole na futi ya mbao kila pindo lilipokwenda kombo. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka kidogo kidogo, kwanza majina ya majirani, halafu siku za wiki, halafu marehemu mumewe mzima mzima. Siku nyingine alimwita Fundi mwanangu, siku nyingine alimwita dada. Vitu viwili tu havikuwa vimemtoka, mikono yake na haya yake. Alikuwa mtu wa kujisitiri tangu usichana. Mumewe aliishi naye miaka thelathini, akafa hajauona mgongo wake.

Na mgongo huo sasa ulikuwa na vidonda vya kulala. Muuguzi wa zahanati alimwambia Fundi bila kuzunguka: ngozi hii ioshwe na ikaushwe kila siku, yote, taratibu, la sivyo vidonda vitafika mfupani, na vikifika mfupani basi tena. Kwa hiyo kila jioni Fundi alichemsha maji, akamkalisha mama yake kwenye kigoda bafuni, akaanza kumfungua vifungo. Na kila jioni, kifungo cha kwanza kikifunguka, mama alisema, "Funga mlango."

"Umefungwa, Mama."

Hapo mabega yake yalishuka, na kazi ikaendelea.

Jioni ya Ijumaa ile mama alitazama kulia akamwona Mwalimu, akatazama kushoto akamwona Mama Pacha na watoto wake wawili wanakula. Akakifunga kile kifungo.

"Una wageni," alisema. "Wakaribishe kwanza."

"Si wageni, Mama. Ni majirani tu."

"Basi waambie wakae. Halafu funga mlango."

"Umefungwa."

"Mbona nawaona?"

Jioni ile Fundi aliyamwaga maji yakiwa bado ya moto.

Majirani hawakuwa watu wabaya. Walipoelewa, walianza kugeuka wenyewe. Ilipofika saa kumi na moja jioni Mwalimu aliwapa mgongo, Mama Pacha akawageuza watoto na sahani zao, hata wale wa nyumba ya mwisho kwenye ghorofa walisogea ili wasitazame. Lakini mama aliiona ile migongo akauliza wale watu wamepanga foleni ya nini. Akakataa. Alishikilia vifungo vyake kwa mikono yote miwili, na mikono iliyoshika mkasi miaka arobaini haibanduliwi hivi hivi. Zilipita siku tisa. Fundi alimpangusa kwa kitambaa cha maji chini ya gauni, kwa kupapasa, na kila alipokitoa kitambaa alikiangalia na kukikunja haraka. Siku ya tisa harufu ya vidonda ilifika sebuleni. Fundi alikaa kwenye kochi akalia, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine, alilia mbele ya ghorofa nzima. Mama Pacha aliinama akafagia mahali alipokwisha kupafagia.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa aibu. Alikuwa fundi wa mapazia. Wapo watu mjini waliolala, wakaugua na kufa nyuma ya mapazia yake bila jicho la mtu kuwagusa, na yeye alikuwa ameshindwa kumfunika mama yake mzazi.

Usidhani hakujaribu. Karakana yao ilikuwa na wanawake sita na mashine sita, na alikuwa akiomba vipande vilivyobaki. Pazia la kwanza, la pamba, alilizungushia bafuni asubuhi, na jioni aliporudi lilikuwa limekuwa kama maji. Lilikuwepo, ukilishika unalishika, lakini lilimwonyesha Mwalimu mpaka vishikizo vya shati. La pili alilitia bitana, likadumu siku mbili, siku ambazo mama alikuwa na homa na hakuweza kuogeshwa. La tatu lilikuwa la mahameli, zito, lenye bitana mbili, na hilo halikumaliza saa moja. Nguo walizovaa watu hazikuwa zimeguswa. Kilichogeuka ni kila kilichotundikwa au kutandazwa ili kuzuia.

La nne alilishona kwa turubai na blanketi la zamani. Lilikuwa zito mno, na hapo ndipo desturi ya kazi ilipomsaidia bila yeye kuiomba. Kitambaa kizito kikining'inizwa hushuka. Leo kina urefu huu, kesho kutwa kimeongezeka nusu inchi. Kwa hiyo fundi anayejua kazi halimalizi pindo siku hiyo hiyo. Hulipiga bandi, yaani hulishikiza kwa mishono mirefu ya uzi mweupe, isiyopendeza, hulitundika na kuliacha lishuke weee mpaka litosheke, ndipo hushona pindo la kudumu. Yale mengine Fundi aliyamalizia karakanani kwa sababu alikuwa na haraka. Hili alilipiga bandi, akalitundika, akakaa kwenye kochi akilisubiri ligeuke maji kama wenzake.

Halikugeuka. Kesho yake lilikuwa bado pazia. Kesho kutwa yake pia.

Siku ya nne alichukua sindano na uzi wa rangi, akapiga magoti alimalizie pindo, kwa sababu siku zake za kushuka zilikuwa zimetimia na mikono yake haikujua kufanya vingine. Mwalimu aligonga ukuta.

"Fundi. Kama ni mimi, ningeliacha hivyo hivyo."

"Lina bandi, Mwalimu. Tazama lilivyo. Ni aibu."

"Natazama, na sioni kitu," alisema Mwalimu. "Ndicho ninachokuambia."

Fundi alirudisha sindano kwenye mkebe.

Taratibu alipopita Jumatatu kuhesabu vitu, alilitazama pazia lile kwa muda. Fomu yake ilikuwa na safu ya vitu vilivyomo ndani: kitanda, meza, pazia.

"Hili limeisha?"

"Bado. Huoni bandi?"

"Likiisha niambie nije niliandike. Siwezi kuandika kitu nusu."

"Nitakuambia," alisema Fundi.

Jioni hiyo alichemsha maji sufuria tatu. Mama alikaa kwenye kigoda, kifungo cha kwanza kikafunguka, akatazama huku na huku, akaona blanketi na turubai pande zote.

"Funga mlango."

"Umefungwa, Mama."

Mabega yakashuka. Fundi alimwosha kwa dakika arobaini na kitu, na mama akaimba wimbo wa karakana wa zamani, wa maneno ya ovyo kuhusu mwenye duka, ambao Fundi hakujua kwamba anaujua. Baada ya wiki tatu vidonda vilikuwa vimeanza kukauka pembeni. Muuguzi alisema, haya, umefanyaje? Fundi alisema namwogesha tu.

Habari haikuhitaji kutangazwa, kwa sababu kila mtu aliona kuna mahali hapaonekani. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuomba. Alitaka pazia moja dogo, la kona, la yeye na mumewe kugombania. Fundi alimshonea. Mwalimu akataka la kwake na hakusema la nini, lakini siku ya pili sakafu ilisikika ikigongwa kwa mdundo, na hakuna aliyemuuliza kitu. Ndani ya mwezi mmoja nyumba kumi na moja zilikuwa na mapazia yasiyokwisha, yenye bandi nyeupe zinazoning'inia kama nyuzi za nguo ya kazi, na Fundi, akipanda ngazi, aliyatazama kupitia kwenye kuta na moyo ukamsuta. Hajawahi kutoa kazi chafu namna ile. Wenzake wa karakanani wangeona wangemwimba.

Hofu yake ilikuwa moja tu, na ilikaa ndani ya nyumba yake. Mama hakuweza kuona bandi akaiacha. Hata kwenye gauni la mgeni angeishika. Kwa hiyo Fundi alificha mkebe wa sindano juu ya kabati, akambakishia sindano moja na kikapu cha vipande vya kitambaa, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alivipiga bandi pembe zote ili mama ashinde akivimalizia. Mama alivimaliza vyote, vipande ishirini, thelathini kwa siku, kwa mishono midogo kama chembe za chumvi. Mama Pacha alikuwa akimtupia jicho kupitia ukutani huku akipika. Jioni Fundi alifumua vipande vyote akavipiga bandi upya. Alijua anamfanyia mama yake kitu kisicho kizuri, akakifanya.

Jumamosi moja karakana ilikuwa na kazi ya haraka na Fundi akarudi saa kumi na moja na nusu badala ya saa nane. Vipande vilikuwa vimekwisha tangu mchana. Mama alikuwa amesogeza kiti chake mpaka bafuni, na Mama Pacha alimwona akisogeza, akadhani anafuata kivuli. Kuingia nyuma ya pazia, hakuonekana tena, ndiyo kazi ya pazia. Alikaa huko kwa muda wa saa tatu. Alilizunguka pindo lote kwa magoti na kiti, kwa zamu, mpaka ikabaki shubiri moja, na hapo alichoka akachomeka sindano palepale kwenye kitambaa, akarudi sebuleni.

Fundi hakuangalia chini. Mgongo ulikuwa unamuuma, na maji aliyoyabandika alipoingia yalikuwa yameshachemka. Alimwingiza mama, akamkalisha kwenye kigoda, akamfungua vifungo, akamjibu kuhusu mlango, akamvua. Alikuwa nyuma yake, anamsugua mabega kwa sabuni, wakati mama alipoinama akaikuta ile sindano. Fundi alidhani anajikuna mguu. Alisikia sauti anayoijua tangu utoto, ya uzi kukatwa kwa meno.

Pazia lilianza kuonyesha kutoka chini, kwenye pindo, likapanda juu polepole mpaka kwenye pete.

Ilikuwa Jumamosi jioni na watu wote walikuwa nyumbani. Mwalimu aligeuka kulia, lakini kulia kulikuwa na nyumba nyingine, akageuka kushoto, akaishia kufunga macho na kusimama hivyo katikati ya sebule yake. Mama Pacha aliwafunika watoto nyuso kwa viganja, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, na chakula kikaungua. Fundi alivuta taulo akalitandaza mbele ya mama yake, na taulo likageuka maji mikononi mwake. Basi akamkumbatia. Alimzunguka kwa mikono na kifua na gauni lake lililolowa, mahali alipoweza kufika, na mtu hana upana wa kumfunika mtu mwingine mzima.

Mama hakuwatazama wageni. Alikuwa ameinua kona ya pazia na kuibana kati ya vidole viwili.

"Tazama," alisema. "Ulitaka kunitia aibu kwa wateja. Nani alikufundisha kuacha kazi hivi?"

Fundi alitazama. Mishono ilikuwa sawasawa, midogo, imenyooka upande wote, hata chini ya mkunjo ambako hakuna mtu angetazama. Ilikuwa kazi nzuri kuliko yoyote aliyoiona karakanani mwaka ule.

"Limekaa vizuri, Mama," alisema, na alimaanisha.

Sabuni ilikuwa bado mwilini, kwa hiyo alimalizia kuogesha. Alimshika mikono yote miwili kwa mkono wake mmoja, kwa sababu sasa mama alikuwa amewaona watu na alitaka kuinuka, akamsuuza kwa mkono mwingine, akamkausha, akampaka dawa. Kile kifaa cha darini kiliwasha taa yake ya kijani kama siku zote.

Usiku kucha hakulala. Asubuhi alilifumua pindo lote, lakini pazia lilibaki vilevile, limekwisha kuwa pazia. Jumatatu Taratibu alikuja kuliandika. Aliwaona wapangaji wote katika ziara hiyo, akawasomea taratibu mpya za kampuni: kitu kisichokwisha kisitundikwe, na kilichotundikwa kimalizwe ndani ya siku tatu au kiondolewe. Hakuwa na furaha. Hata kwake, chumba cha chini karibu na geti, lilikuwapo pazia moja la bandi, na Fundi ndiye aliyemshonea. Alilimaliza mwenyewe, kwa mishono ya hovyo ya mwanamume asiyezoea, na kuanzia hapo wapangaji walimwona akila.

Alhamisi Fundi aliitwa ofisi ya kampuni. Hakuwa na wa kumwachia mama, Mama Pacha alikuwa kazini, kwa hiyo alimvalisha gauni la kutokea na mtandio, wakaenda wote wakishikana mikono, wakipumzika kila baada ya nguzo tatu.

Ofisi ilikuwa na kuta. Fundi aliziona kwanza kabla ya kitu kingine, kuta nene za rangi ya kijivu ambazo hazikuonyesha hata kilichokuwa chumba cha pili. Madirishani palikuwa na mapazia yenye bitana, yamefungwa, na aliyajua kwa mikunjo yake. Walikuwa wameyashona pale karakanani mwaka juzi. Pindo zake zote zilikuwa zimemalizwa na hayakuonyesha kitu.

Karani alikuwa dada wa miaka kama ishirini na tano, mpole, mwenye macho yaliyochoka. Aliwavutia viti.

"Shikamooni. Karibu, mama. Karibu, bibi. Samahani kwa usumbufu, ni mtambo umeleta taarifa." Alisoma kwenye karatasi. "Mtambo umeona mtu mwenye umri mkubwa ameshikwa mikono yote miwili kwa nguvu, na kuna maji. Haujui kama ni kuogeshwa au ni kuumizwa. Ikiwa hivyo, lazima mpangaji athibitishe."

"Ni kuogesha," alisema Fundi.

"Najua, mama. Tumeona wote." Alisema hivyo kwa huruma kabisa. "Ila anayethibitisha lazima atazame picha mwanzo mpaka mwisho, ndipo asaini."

"Siwezi kusaini bila kutazama? Mimi ndiye niliyekuwepo."

"Ukiangalia pembeni inarudi mwanzo. Pole. Mimi sikuitengeneza."

Kioo kilikuwa ukutani, kikubwa kama mlango. Makarani wengine wanne walikuwa kwenye meza zao na vikombe vyao vya chai, wanaendelea na kazi, na picha ilipowaka mmoja tu ndiye aliyeinua kichwa. Mtambo ulikuwa hodari, picha ilikuwa safi, kila kitu kilionekana: kigoda, ndoo, mgongo, vidonda na mahali vilipokuwa vimeanza kukauka, matiti, kovu la upasuaji ambalo hata Fundi alikuwa hajawahi kuuliza lilitoka wapi. Fundi alitazama kwa sababu ilibidi atazame. Alijiona mwenyewe kutoka juu, utosi wake wenye mvi, akisugua.

Mama naye alitazama. Alitulia, mikono mapajani, kama mtu aliyealikwa mahali. Baada ya muda akamsogelea bintiye.

"Yule mama hana watu?"

"Anao, Mama."

"Wako wapi?"

Fundi hakuweza kumgeukia, kwa sababu ya picha. Machozi yalimtoka macho yakiwa wazi.

"Mfunikeni basi, jamani," mama aliwaambia makarani. "Mtu mzima yule. Anaaibika."

Hakuna aliyeinuka. Mama aliinuka. Alivua mtandio wake kichwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya watu tangu alipokuwa msichana, akautandaza juu ya kioo na kuushikilia kwa juu, kona hii na kona ile, akiwa amesimama kwa ncha za vidole. Mtandio uliificha picha kwa muda mfupi. Halafu ukaanza kuonyesha, kuanzia katikati.

"Chochote kikiwekwa hapo huwa kinafanya hivyo," alisema karani. "Keti tu, bibi, utachoka."

Mama hakuketi. Picha ilikuwa ya dakika arobaini na moja, na alisimama zote, mikono juu, nywele nyeupe wazi, akimnong'oneza yule mwanamke wa kwenye kioo avumilie kidogo, asiogope, watu wake wako njiani wanakuja. Ilipokwisha, karani alimwonyesha Fundi pa kusaini, na Fundi akasaini.